Chumba cha Hosteli

Msikilizaji unayeelekea chuoni, usinunue godoro kabla ya kukipima kitanda. Vitanda vingi vya dabodeka ni vyembamba, na godoro pana litaning'inia. Tranka na ndoo viingie uvunguni, meza isogezwe dirishani, chandarua kifungwe kabla ya usiku wa kwanza.

Umeme ndio unaonitia hofu zaidi. Soketi ya ukutani ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,000. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 vikichomekwa kwenye ekstensheni moja, kikomo kimefikiwa, na bado wenzako wana chaja zao! Ukiugusa waya ukauona una joto, chomoa papo hapo. Usiupitishe chini ya godoro. Na tafadhali, kabati lisizibe mlango: moto ukizuka, mtatokea hapo.