Tuzibe Ufa Kabla ya Kujenga Ukuta

(Hotuba iliyotolewa kwa wanachama wa vikundi vya akiba, Ukambani)

Leo hatutazungumza juu ya nyumba mpya. Tutazungumza juu ya ile nyumba uliyolala ndani yake jana usiku: ile ya vyumba viwili, ya matofali ya kuchoma, sakafu ya udongo, na bati lenye tundu unalolijua vizuri kwa sababu ndoo inakaa chini yake.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia familia moja kupata mkopo. Baba alitaka nyumba ya vyumba vinne, yote kwa mara moja. Tukapiga hesabu ya matofali, simiti na mabati, tukaona inatosha. Nyumba ya zamani ikabomolewa ili matofali yake yatumike tena. Kuta zilipofika kwenye linta, pesa zikaisha. Halafu baba akaugua. Watu saba walilala ndani ya jiko la nyasi kwa misimu mitatu ya mvua, na huku mkopo unadaiwa kila mwezi kwa nyumba isiyo na paa. Wadhamini wawili walikatwa akiba zao. Hata sasa salamu kati yao na familia hiyo si nzuri. Sisi tuliuliza nyumba itagharimu pesa ngapi. Hatukuuliza watu watalala wapi pesa zikiisha katikati.

Tangu hapo tunashika sheria moja: kila hatua iwe na mwisho wake. Ukiimaliza unafunga mlango na kulala, hata kama hatua inayofuata itakuja baada ya miaka miwili. Tena usibomoe kitu mpaka kile cha kuchukua mahali pake kiwe tayari uwanjani.

Sasa, tunaanza wapi? Wengi tunaanza na rangi kwa sababu wageni wa harusi wanakuja. Rangi ndiyo ya mwisho.

Hatua ya kwanza ni maji ya nje. Mvua inayotiririka kutoka mlimani inakula msingi. Chimba mtaro upande wa juu, na shindilia udongo kuzunguka nyumba ili maji yakimbie mbali na ukuta. Kazi hii inataka jembe na mwethya, pesa kidogo sana. Kisha tazama nyufa. Chora alama ya penseli mwisho wa ufa na uandike tarehe. Baada ya msimu mmoja wa mvua, ufa ukiwa umepita alama, mwite fundi anayejua msingi. Usiufunike kwa lipu, maana utakuwa umeficha ugonjwa tu.

Hatua ya pili ni paa, gata na tangi, na hizi tatu ziende pamoja. Ukinunua mabati, kumbuka namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30. Mwenye duka akikuambia bei ni nafuu, uliza geji kwanza. Kazi ya paa ifanywe Agosti au Septemba, kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo huku kwetu ndizo tunazozitegemea zaidi.

Na gata ni za nini? Hesabu ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 8 kwa mita 5 ni mita 40 za mraba. Ikinyesha milimita 20, hizo ni lita 800. Tutoe sehemu moja ya tano inayomwagika na kukauka, zinabaki lita 640. Hiyo ni mitungi 32 ya lita 20, na hakuna mtoto aliyekwenda mtoni. Saa za kuchota maji nazo ni pesa, akina mama mnajua.

Hatua ya tatu ni sakafu, milango na madirisha. Sakafu ya udongo inaleta vumbi na funza. Ifanyeni chumba kimoja kimoja: mnalala chumba cha pili huku cha kwanza kinamwagwa zege. Ilowesheni kwa maji siku saba. Sakafu iliyoachwa ikauke haraka kwa jua hupasuka, halafu fundi analaumiwa bure.

Hatua ya nne ndiyo lipu, rangi, na chumba cha kuongeza ikiwa watoto wamekua.

Tuje kwa pesa. Nguvu za kwanza ni mikono yetu: mawe, mchanga na kuchoma matofali. Za pili ni chama. Watu 15 wakitoa shilingi 1,000 kila mwezi, mmoja anapata 15,000. Lakini pesa hizo zikilala nyumbani siku tatu, zinapata miguu. Kikundi kimoja tunachokijua kinamsindikiza mwanachama dukani siku hiyo hiyo na kurudi na mabati. Tunawapongeza.

Nunua mapema vitu visivyoharibika, kama mawe, kokoto na mabati. Mbao zipangwe juu ya mawe, mbali na mchwa, zipate hewa. Simiti nunua mwisho, wiki ya kazi yenyewe, kwa sababu ikikaa miezi inapoteza nguvu. Tumeona mifuko 20 imegeuka mawe ndani ya stoo, na ilinunuliwa kwa mkopo!

Na mkopo wenyewe? Kwenye ushirika wa akiba, mara nyingi unaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yako. Lakini kuruhusiwa si kulazimishwa. Kopa ya hatua moja tu. Tuseme umekopa 60,000 kwa miezi 12, riba asilimia 1 kwa mwezi. Riba ikihesabiwa kwa deni linalobaki, utalipa riba ya 3,900. Ikihesabiwa kila mwezi kwa pesa zote za mwanzo, utalipa 7,200. Asilimia ni ile ile, lakini tofauti yake ni 3,300. Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi, uliza: riba hii ni ya deni linalobaki, ama ya pesa za mwanzo? Na katika kila bajeti weka kando sehemu moja ya kumi kwa mambo ya ghafula. Karo na chakula visiguswe.

La mwisho linahusu mume na mke. Tumeona nyumba zikikwama kwa sababu baba alijua deni na mama hakujua, ama mama alinunua mabati na baba akayauza. Wekeni daftari moja, risiti ndani yake, na wote wawili wajue linakaa wapi. Ikiwa mmoja atatangulia, huyo anayebaki asiambiwe na majirani kwamba kuna deni.

Kabla ya kikao kijacho, zungukeni nyumba zenu jioni moja, nyote wawili, mkiwa na karatasi. Andikeni hatua nne, na mbele ya hatua ya kwanza andikeni pesa zilizoko mkononi, si zile mlizoahidiwa. Mkija nazo tutakaa pamoja tuzipitie.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba chenyewe kisiwe na ufa.