Pokémon na Soko la Wachina

Mwaka 2000 China ilipiga marufuku uuzaji wa mashine za michezo ya video. Marufuku hiyo ilianza kulegezwa mwaka 2014. Hata nje ya China bara, kwa muda mrefu, wachezaji wengi kuanzia Taipei hadi Hong Kong walilazimika kucheza kwa Kijapani au Kiingereza. Pokémon, michezo ya video iliyozaliwa Japani mwaka 1996, ilisubiri hadi 2016 ndipo matoleo yake makuu yakaja kwa Kichina.

Kazi ya kutafsiri mchezo kwa Kichina si nyepesi. Maandishi yaliyorahisishwa hutumika China bara na Singapore. Taiwan na Hong Kong hushikilia yale ya asili. Kila mfumo una maelfu ya herufi. Zaidi ya hapo, kuna suala la utambulisho: mwaka huohuo wa 2016, kampuni ya Nintendo ilipotangaza jina moja la Pikachu, mhusika maarufu wa Pokémon, kwa Wachina wote, kwa kufuata lugha ya Kimandarini, mashabiki wa Hong Kong waliandamana kutetea lugha yao ya Kikantoni.

Mteja hanunui mchezo tu. Hununua pia heshima. Kampuni inayolitaka soko hilo iwashirikishe watafsiri wa kila eneo tangu mchezo unapobuniwa, isingoje malalamiko.