Simu Itukumbushe Dawa kwa Saa Yetu

Ndugu zetu wa Soni, Mlalo na Lukozi,

Leo tuzungumze juu ya simu inayomkumbusha mgonjwa kumeza dawa. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida humezwa miezi 6. Mwezi wa pili kikohozi kimetulia, nguvu zimerudi, kabichi zinangoja shambani. Hapo ndipo wengine huacha. Ugonjwa hurudi, na dawa zile zile huenda zisiuweze tena.

Kati ya mwaka 2019 na 2023 mradi wa ASCENT ulijaribu hapa Tanzania kisanduku cha vidonge kinacholia na kuwaka taa saa ya dawa ikifika. Sisi tunakipenda, maana hakimdai mgonjwa kusoma maneno mengi.

Basi wanaotengeneza programu za simu tuwaambie nini? Neno la kwanza ni saa. Simu ikiandika 8:00 asubuhi, kwetu ni saa 2. Mtu akiona 8 akangoja saa 8 mchana, amechelewa saa 6 nzima! Programu itaje saa ya Kiswahili.

Halafu kuna siri. Simu ya nyumbani hushikwa na watoto, shemeji, hata jirani. Isitangaze "Meza dawa!" ndani ya gari la Mombo. Mlio tu watosha, mwenyewe anaujua.

Tena ifanye kazi bila mtandao, kwani huku milimani mtandao huja na kwenda kama ukungu. Na chaji ikiisha? Yupo mtu wa nyumbani. Huyo hukaa mbele ya mgonjwa mpaka vidonge vimemezwa, kisha hutia alama kwenye kadi.