Nenosiri Linaloombwa na Printa si la Barua Pepe Yako



Kila msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, steshenari za Dodoma hujaa vijana wenye vyeti vya kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wadhamini wao. Kijana huketi mbele ya kompyuta ya duka, hufungua barua pepe yake, kisha huamuru waraka uchapwe. Mara hutokea kisanduku kinachodai jina la mtumiaji na nenosiri.

Printa iliyounganishwa na mtandao wa duka yaweza kuwekewa ulinzi, isipokee kazi ila kwa mtu iliyemsajili. Mara nyingi jina huwa limekwisha kujazwa kisandukuni. Jina hilo ni la akaunti ya kompyuta, na huenda printa isilitambue kabisa. Mteja asiyejua hilo huandika nenosiri la barua pepe yake. Waraka hautoki, na iwapo kompyuta imeruhusiwa kukumbuka manenosiri, siri yake yaweza kubaki humo.

Kwa hiyo, zingatieni mambo matatu. Kwanza, mwiteni mhudumu ajaze mwenyewe, kwani nenosiri la printa ni la duka. Pili, kazi iliyozuiwa kwa kukosa nenosiri yaweza kubaki katika foleni, ikachapwa baadaye mbele ya mtu mwingine. Ombeni ifutwe nanyi mkiona. Tatu, kabla ya kuondoka, fungeni barua pepe na futeni nakala mlizopakua.

Nanyi wenye maduka, printa nyingi hutoka kiwandani na jina la msimamizi "admin" na nenosiri linalosomeka katika kitabu cha maelekezo. Libadilisheni siku ya kwanza. Mwaka 2018 mtu mmoja alidai kuzichapisha ujumbe wake printa zipatazo 50,000 duniani, zilizoachwa wazi kwenye intaneti.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde, na aliyekosewa aweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hata hivyo, lalamiko halirudishi nakala ya kitambulisho cha mdhamini iliyokwisha kuchukuliwa. Mzazi aliyekubali kukudhamini amekukabidhi jina lake, usiliache dukani.