Uzi wa Njia Moja au wa Njia Nyingi?
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, na ndugu zangu wote mliopitia shule hii,

Kamati imenitaka nieleze kwa lugha nyepesi ubishi uliozuka juu ya fedha tulizochanga kuunganisha kompyuta za shule. Nimefanya kazi ya mitambo ya simu mpaka nikastaafu, na upande wangu sitauficha.

Etheneti ya waya wa shaba hukomea mita 100. Kutoka ofisini mpaka maabara ni mita 180. Mpaka bweni la mwisho, 420. Tena shaba hupitisha umeme wa radi, na radi za kilima hiki mnazikumbuka. Basi nyuzi za kioo ni lazima. Swali ni zipi.

Zote mbili, pamoja na ganda la kioo, zina unene wa mikromita 125. Tofauti imo katika kiini kinachopitisha mwanga. Uzi wa njia nyingi, ambao mafundi huuita maltimodi, una kiini cha mikromita 50 au 62.5. Ule wa njia moja, singomodi, kiini chake ni kama 9 tu.

Mtu atadhani kipana ndicho bora. Sivyo. Katika kiini kipana mwanga hushika njia nyingi kwa pamoja, kama sisi tulipotoka gwaride kwenda bwaloni: wengine walikata uwanja, wengine walizunguka. Pigo moja la mwanga hufika limetawanyika na kuliingilia linalofuata. Viwanda vimeipunguza fujo hiyo, havijaiondoa.

Tazameni uzi wa mikromita 62.5. Kwa megabiti 100 ulifika kilomita 2. Ilipokuja gigabiti 1 mwaka 1998, ukafika mita 275. Ilipokuja gigabiti 10 mwaka 2002, mita 33! Baadhi ya wenye uzi huo wakalazimika kufukua. Aina mpya za mikromita 50 hufika mita 300 au 400 kwa mwendo huo, na bweni letu liko mita 420. Uzi wa njia moja huipeleka gigabiti 10 kilomita 10, na kwa vifaa vingine vya nchani, gigabiti 100 umbali uleule. Mikongo ya baharini iliyofika Dar es Salaam tangu 2009 ni ya njia moja.

Wenzangu wanaotaka njia nyingi wana hoja: vifaa vyake vya kutoa mwanga ni nafuu, na viungio vyake huvumilia vumbi zaidi. Ndani ya chumba kimoja cha mitambo ningekubaliana nao bila kusita. Lakini uzi wenyewe wa njia moja mara nyingi ni nafuu kwa mita, na sisi tunachimba mtaro. Kifaa cha nchani hubadilishwa kwa dakika chache. Mtaro hubadilishwa kwa majembe na mchango mwingine, na baadhi yetu tunachanga kutoka kwenye pensheni.

Kwa hiyo naomba azimio liseme: njia moja, nyuzi 12 hata kama leo tutawasha 4, na kila ncha isiyotumika ifunikwe kofia yake.

Niko tayari kwa maswali, hasa ya Ndugu Mweka Hazina.