Moto Ukizimwa, Sumu Hubaki
Maelezo kwa wakazi wa Burumba kuhusu afya ya wazima moto



Lori la zimamoto likifika penye moto, kelele za kwanza huwa: "Mbona hawamwagi maji?" Wakati huo mzima moto anajifunga mtungi wa hewa mgongoni na kukaza barakoa usoni. Kwa mwenye duka linaloteketea, muda huo ni mrefu mno. Lakini asipojifunga, anaingia kuvuta sumu.

Moshi wa siku hizi si ule wa kuni. Godoro la sponji likiungua hutoa gesi ya sayanaidi. Petroli ina benzini, inayosababisha saratani ya damu, na hapa mpakani malori ya mafuta hupita usiku na mchana kuelekea Uganda. Wengi mnakumbuka Malanga, Julai 2021, kwenye barabara hii hii ya Kisumu kuja Busia: lori la mafuta liliwaka na kuua watu waliokuwa wakichota petroli.

Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, tawi la Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya kuzima moto katika kundi la kwanza la mambo yanayosababisha saratani. Tumbaku imo kundi hilo hilo. Saratani zilizotajwa wazi ni mbili: ya kibofu cha mkojo na ya utando unaofunika mapafu. Hii ya pili huletwa na vumbi la asbesto, ambayo bado imo kwenye mapaa ya zamani.

Linalosahaulika ni kwamba hatari haiishi moto unapozimwa. Mzima moto huvua barakoa ili achakure majivu, kumbe gesi bado zinatoka. Masizi humganda shingoni na mikononi, na ngozi yenye joto na jasho huyanywa upesi. Akirudi nyumbani na nguo zile, anawapelekea watoto wake. Nguo zisuguliwe kwa maji palepale, zifungwe mfukoni, zifuliwe kituoni. Naye aoge kabla ya kubeba mtoto.

Hapo ndipo penye gharama. Suti moja ikiwa inafuliwa, sharti awe na nyingine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi, na mwajiri wa wazima moto hawa ni kaunti. Katika vikao vya bajeti wananchi hudai lori jipya, nao wana haki. Wadai na suti ya pili.

Jambo la mwisho linawahusu wenye nyumba na maduka. Aliyeficha madumu ya petroli chumbani mara nyingi hunyamaza kwa kuogopa polisi. Amwambie mzima moto kabla hajaingia: madumu ni mangapi, mitungi ya gesi ni mingapi, na dawa za shamba ziko chumba gani.