Upweke wa Wazee na Michezo ya Simu



Nimepewa fursa niseme neno juu ya upweke wa wazee. Huenda mtu akadhani kuwa katika mitaa yetu ya Buyenzi hapana mpweke, maana nyumba zagusana kuta. Walakini mzee aliyeshindwa na magoti hafiki tena barazani. Wenziwe wengi wametangulia, na wanawe wako Maskati au Kanada. Nyumba imejaa wajukuu, lakini hamna hata mmoja wa rika lake.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2025 kuwa mtu 1 katika kila watu 6 ulimwenguni ana upweke, na kwamba upweke wahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka.

Katika dawa zake naitaja moja, ijapokuwa yaweza kuwachekesha baadhi yenu: mchezo katika simu. Kwa njia ya intaneti, mzee wa hapa aweza kucheza drafti na sahibu yake wa utotoni aliye Kigoma. Iko pia programu ya sataranji, Lichess, aliyoianzisha Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010; haitozi hata senti, na humruhusu mchezaji kufikiri siku kadhaa kabla ya kusogeza kete. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya sataranji. Basi anayejizuia nayo, drafti yamtosha.

Faida yenyewe si ushindi. Faida ni kwamba yuko mtu amngojaye mzee kila siku, na akikawia humwuliza ana nini.

Lakini tuwe na hadhari. Michezo mingine ya simu ndani yake mna kamari, nayo ni haramu. Tena mzee asimpe mtu yeyote namba yake ya siri. Wala simu isiwe kisingizio cha kuacha kuwazuru wazee. Mchezo huunganisha ziara na ziara, hauziondoi.

Basi nawaomba vijana, kila mmoja ajitwalie mzee mmoja: amkuzie herufi za simu, amfundishe polepole, aketi naye hata mchezo wa kwanza uishe. Wao walitufundisha kusoma wala hawakuchoka nasi. Nasi tusichoke nao.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.